Kutupa, Kuacha, Kufuta: Juu ya Maneno ya Kuondokana na Kitu

Waingereza wana fungu dogo la maneno ambalo hulitumia karibu kila watakapo kusema kwamba mtu amejitenga na kitu asichokitaka, kiwe ni takataka, ni homa, ni mtumishi, ni deni, au ni mgeni aliyekaa mno. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na fungu hilo hana budi kuuliza kwanza ni kitu gani kinachosemwa, kwa maana lugha yetu haina neno moja la kuyabeba yote hayo. Akifungua kamusi ataona safu nzima: kutupa, kuacha, kuondoa, kutoa, kufuta, kufukuza, kukomesha, kutokomeza, na mengine. Safu hiyo humdanganya, kwa kuwa maneno yamepangwa bega kwa bega kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, naye huchukua lile la kwanza.

Sisi twaona ya kwamba kila moja katika maneno hayo hujibu swali ambalo Kiingereza hulipita kimya: baada ya kutengana, ni nani aliyebaki mahali pake, na je, bado iko haki baina ya wawili hao? Kama kilichotengwa ni ganda la ndizi, kulikosea neno si hasara. Kama ni mke, au mtoto, au mtu wa kazi, neno likikosewa laweza kumpokonya haki yake bila mtu yeyote kukusudia.

Mifano yetu twaitwaa hasa pande za Dindira, kata iliyo juu ya milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, penye mashamba makubwa ya chai na konde za wakulima. Chini yake liko bonde la mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, na ng'ambo ya bonde ni Handeni ya Wazigua. Mlimani lugha ya nyumbani ni Kisambaa, bondeni husikika Kizigua na Kibondei, tena mashamba ya chai na ya mkonge tangu zamani yaliwaleta watu wa makabila ya mbali. Basi penye baraza, penye hesabu ya mishahara, penye zahanati na penye mahakama, watu hawa wote hukutana katika Kiswahili, na neno likiandikwa vibaya hapo, hakuna lugha nyingine ya pamoja ya kulisahihisha.

Tuanze na kutupa, maana ndilo litumiwalo ovyo kuliko yote. Asili yake ni mwendo wa mkono tu, wala hamna chuki ndani yake. Mtoto hutupa jiwe. Mvuvi hutupa wavu na huku ameshika kamba yake. Mtu hutupa macho njiani na macho yake yangali kichwani. Maana ya kuachana na kitu huingia pale ambapo mtupaji hajali kitaangukia wapi. Kwa hiyo hutupwa maganda, majivu, na kiatu kilichokatika. Maji, unga na nafaka hazitupwi illa zikiwa ndani ya chombo chake, zenyewe humwagwa. Na wahenga waliposema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake, hawakusema mwondoa jongoo, kwa kuwa mwenye kuondoa kitu aweza kurudi na kijiti chake mkononi, lakini atupaye hana haja tena hata na kile alichokitumia kutupia.

Neno hilo likielekezwa kwa mtu huwa kali sana, au huwa la mzaha. "Mbona umetutupa?" husema mwenyeji kumwambia rafiki asiyeonekana siku nyingi, na kwa kulikuza jambo hivyo amwonyesha kwamba alimkumbuka. Kumtupa mtu mkono si mzaha, ni kumkana palipo na shida. Na kumtupa mtoto ni neno zito kuliko yote, nalo hatuna budi kulirudia mbele.

Sasa tulinganishe na kuacha. Atupaye hubaki alipo, na kitu ndicho kiendacho. Aachaye ndiye aendaye, au hufungua mkono tu, na kitu hubaki palepale kilipokuwa. Abiria ashukaye Korogwe akisema, "Nimeacha mwavuli garini," twamhurumia. Akisema, "Nimetupa mwavuli garini," twamshangaa. Na afukuzaye hufanya lisilo hili wala lile, maana humwendesha mwingine mbele yake, naye mwenyewe hubaki na mahali. Mwendo wa miili ndio uliozaa tofauti za maana, na atakayeuweka mwendo huo mbele ya macho yake hatachanganya maneno haya matatu.

Kuacha lina uzao mwingi, na kila mtoto wake ana tabia yake. Kuachisha ni kumfanya mwingine aache, kama mama amwachishavyo mtoto ziwa. Kuachia ni kuacha kwa ajili ya fulani, iwe ni zawadi au ni mzigo: mzee amemwachia mwanawe shamba, na mume amemwachia mkewe watoto wanne. Kuachilia ni kulegeza kilichofungwa, na kwa njia hiyo ni kusamehe. Kuachana ni kwa wawili, wala hakusemi nani alianza. Tena iko kuacha huru, maneno ya kale ya bwana kumtoa mtumwa wake katika utumwa. Hapo aachwaye ndiye apataye faida, nayo ni moja katika mahali pachache ambapo kuachwa na mtu ni heri.

Katika ndoa neno hili limebeba mzigo kupita nguvu zake. Mwanamke akisema barazani, "Mume wangu ameniacha," aweza kuwa anasema mambo matatu. Pengine mume ametoa talaka. Pengine amekwenda zake mjini, hana habari, wala haleti matumizi. Pengine amesafiri tu na kumwacha nyumbani, kama kila msafiri afanyavyo. Wasikilizaji wamjuao wataelewa kwa sauti na kwa habari wanazozijua. Lakini karani huandika neno, haandiki sauti. Akiandika katika jalada kwamba mlalamikaji "ameachwa," kila asomaye baadaye atadhani ndoa imekwisha, na madai ya matumizi ya mke yataonekana kuwa madai ya mtu asiye mke tena.

Hapo ndipo lifaapo neno kutelekeza. Nalo lina historia ya ajabu kidogo. Asili yake ni kuteleka, yaani kuweka chungu motoni. Katika safari za karne ya 19 kutelekeza ilikuwa desturi ya misafara: watu walipika na kula mchana penye maji, kisha wakaenda jioni hata usiku, wakalala mahali pakavu, ili siku ya pili wayafikie maji mengine, na wasafiri wa Ulaya waliliandika neno hilo katika vitabu vyao. Leo misafara hiyo haipo, na maana izoeleweyo ni kumwacha asiye na msaada yule uliyepaswa kumtunza.

Uzito wote umo katika hayo maneno "uliyepaswa kumtunza." Jiwe la njiani halitelekezwi, wala mpita njia hawezi kumtelekeza mtu asiyemjua. Hata linapotumiwa kwa vitu, lazima awepo mwenyewe: jengo limetelekezwa, gari limetelekezwa, mradi wa maji umetelekezwa, maana yake yupo aliyekuwa na wajibu, naye hakuutimiza. Kwa hiyo asemaye "ametelekezwa" amekwisha sema mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtu yu peke yake, na kwamba deni la kumtunza lingalipo juu ya mwingine. Mwenye kusema "ameachwa" hakulisema hili la pili, na pengine amelikana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, imeyatenga mambo haya mawili. Kutengana kwa makusudi kwa mmoja kumtelekeza mwenziwe kwa muda usiopungua miaka 3 ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama yaweza kuyachukua kuwa dalili ya kwamba ndoa imevunjika. Walakini kuvunjika kwenyewe kwa sheria huja kwa amri ya mahakama, na aghalabu shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi. Kabla ya amri hiyo, aliyetelekezwa angali mke, na mume angali na wajibu wa kumtunza. Tena wajibu wa baba kwa watoto haukomi kwa talaka. Basi karani wa baraza amwulize mlalamikaji swali moja la zaidi kabla ya kuandika: "Amekupa talaka, au amekwenda tu?" Swali hilo lachukua muda mfupi kuliko kulisahihisha jalada.

Tulisema tutarudi kwenye kumtupa mtoto. Katika nchi za Usambara, Uzigua na Nguu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, naye kwa desturi ya kale alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa yake, asiachwe kuishi. Hapo kutupa na kuua yalikuwa karibu neno moja. Asomaye Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu kati ya miaka 1895 na 1907, atakuta kwamba Mbegha, aliye asili ya wafalme wa Usambara, alikuwa kigego. Wazazi wake hawakumtupa. Alipokuwa mtu mzima, ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyohiyo ya meno, akaondoka kwao Nguu akaenda Kilindi, nchi ambayo ilikatwa kutoka Handeni ikawa wilaya mwaka 2002. Huko mwana wa mkuu wa nchi akauawa na nguruwe katika mawindo waliyokwenda pamoja, naye Mbegha akakimbia kwa kuogopa, akapanda milimani kwa njia ya mawindo, mwisho watu wa Vuga wakamfanya mkuu wao.

Tazama jinsi habari hiyo ilivyo na kila namna ya kutengwa, wala hakuna hata moja iliyo sawa na nyingine. Kama angalitupwa, habari ingalikwisha pale pale, maana atupwaye hatazamiwi kurudi. Kunyimwa urithi si kutupwa, bali ni kukatwa katika hesabu ya ndugu na huku mtu angali hai na jina lake lajulikana. Na kukimbia ni kujitenga mwenyewe kabla ya kufukuzwa. Mwalimu atakaye kuwafundisha wanafunzi wake tofauti ya maneno haya kwa mfano mmoja hana haja ya kutafuta mbali. Na awaulize ni neno gani lifaalo katika kila hatua ya safari ya Mbegha.

Wako na wengine wa Uzigua waliotengwa na nchi yao kwa njia nyingine. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walijiuza, au waliuzwa, kwa watu wa pwani, na baadhi yao wakapelekwa Somalia, wakakaa kando ya mto Juba. Huko hawakuiacha lugha yao. Vita vilipowatoa Somalia katika miaka ya 1990, baadhi yao walirudi Tanzania na hatimaye wakapewa makazi Chogo katika wilaya ya Handeni, na wengi wakapata uraia. Mtu aliyeuzwa hakutupwa wala hakutelekezwa, maana thamani yake ilipokelewa na mwingine. Walakini ni dhahiri kwamba wao wenyewe hawakulikubali neno lolote la mwisho, kwa kuwa waliendelea kujihesabu Wazigua kwa muda wa zaidi ya miaka 150.

Tuyaendee sasa mambo ya kazi, na tuseme wazi, kwa sababu hapa neno ni fedha. Katika mashamba ya chai yako maneno manne yasikikayo mtu atokapo kazini: ameacha kazi, ameachishwa kazi, amepunguzwa, amefukuzwa. La kwanza ni tendo lake mwenyewe. La pili halisemi sababu. La tatu lasema kwamba kosa halikuwa lake. Kazi ndiyo iliyopungua, au mashine imeingia, au bei ya chai imeanguka. La nne lasema kwamba alikosa. Kuzungumza njiani, watu huyachanganya yote na kusema tu "wamefukuzwa watu," hata pale walipopunguzwa, maana aliyepoteza mshahara huona kufukuzwa kila namna.

Lakini katika barua haifai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa kazi ya mfululizo, mwisho miaka 10. Mtu aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hana fungu hilo. Kadhalika kupunguza watu kuna utaratibu wake: mwajiri hupaswa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao. Mchuma chai aliyefanya kazi miaka 9, akapewa barua ya kwamba "amefukuzwa" kwa kuwa mwandishi wa barua hakujua neno jingine, ana siku 63 za mshahara zilizoning'inia katika neno hilo moja. Naam, sheria hutazama jambo lenyewe kuliko jina lake. Lakini mtu asiyejua sheria huyatazama maneno ya barua, huona ameambiwa mkosaji, huenda zake asidai.

Maneno ya shambani yana siri nyingine, nayo ni nzuri. Mkulima apaliliaye hujiondolea magugu, lakini hasemi "napalilia magugu"; husema "napalilia mahindi." Apogoaye hutupa matawi, lakini asema "napogoa chai." Kadhalika mwanamke apepetaye huondoa makapi, na kitu atajacho ni mchele, achambuaye mboga hutenga majani mabovu, na atajayo ni mboga. Katika maneno haya kitu kinachobaki ndicho kipewacho heshima ya kutajwa, na kile kiendacho hakina jina katika tendo. Kufuta na kufagia hukubali njia zote mbili, maana hufutwa meza na hufutwa vumbi, hufagiwa nyumba na hufagiwa taka. Tena tusisahau tofauti ya kufyeka na kung'oa: gugu lililofyekwa lina mizizi, na msimu ujao litarudi, lililong'olewa halirudi. Wasemaji wa majukwaani hupenda kuahidi kwamba watafyeka rushwa. Sisi tungalitaka kusikia neno la pili.

Kuondoa na kutoa hayana makali. Kuondoa ni kufanya kitu kiondoke hapo kilipo, pasipo kusema kiende wapi: vyombo huondolewa mezani na kesho hutumika tena. Kutoa ni kutoka ndani kwenda nje, na kwa ajabu ya lugha ndilo neno la kupunguza na la kupa pia, kama tutoavyo mbili katika tano na kutoa sadaka kwa neno lilelile.

Kufuta ni kuondoa alama. Asili yake ni mkono upitao juu ya kitu, kama kufuta machozi au kufuta ubao, ndiyo sababu hufaa sana kwa kila kilichoandikwa: kesi, jina katika orodha, deni katika daftari. Deni lina njia tatu za kwisha. Likilipwa, hakuna aliyepata hasara. Likisamehewa, mdeni abaki na shukrani. Likifutwa, daftari ndilo lililobadilika, wala neno halisemi kitu juu ya mioyo.

Kukomesha ni tofauti, maana latoka katika kukoma, yaani kufika mwisho na kusimama. Mwenye kukomesha jambo huliwekea mpaka lisiendelee. Yaliyokwisha kutendeka hayagusi. Tofauti hii yaonekana wazi katika habari za utumwa, ambazo vitabu vingi vya shule huzieleza kwa neno moja tu kana kwamba lilikuwa jambo la siku moja. Kwa mapatano ya mwaka 1873, Sultani Barghash alikomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao Unguja. Biashara ilikomeshwa, lakini aliyekuwa mtumwa siku ile alibaki mtumwa. Kwa amri ya mwaka 1897, Sultani Hamoud alifuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Hapo kufuta ndilo neno lake hasa, kwa kuwa mahakama haikuandika tena kwamba mtu huyu ni mali ya yule. Walakini ilimpasa mtumwa mwenyewe aende kudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Huku bara mambo yalikwenda polepole zaidi. Wadachi hawakuufuta utumwa. Waliweka amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 ni huru, na wengine walipata hati za uhuru mmoja mmoja. Sheria ya kuufuta katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi kati ya kukomesha na kufuta palipita miaka 24 huko visiwani, na watu wa bara walingoja zaidi. Mwandishi wa kitabu akiandika kwamba utumwa "ulikomeshwa mwaka 1873," amefuta kwa kalamu yake miaka ambayo watu waliiishi.

Sasa yako maneno matatu ya kuangamiza, ambayo wenye matangazo huyapenda mno. Kuteketeza kuna moto ndani yake. Kuangamiza ni kuharibu uhai au mali hata visiwepo. Kutokomeza ni kufanya kitu kitokomee, yaani kiende mbali hata jicho lisikione tena. Maradhi ya watu yaliyostahili neno hili la mwisho ni moja tu, ndui, iliyotangazwa mwaka 1980 kwamba haiko tena duniani. Kwa wanyama ni sotoka, iliyowamaliza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, nayo ilitangazwa kwisha mwaka 2011.

Malaria haijatokomea, wala si vema kusema kwa wepesi kwamba twaitokomeza. Korogwe ina sababu ya kuwa na hadhari katika jambo hili, kwa kuwa palikuwa mahali pamoja katika mahali 11 za Afrika ambapo chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto kuanzia mwaka 2009. Chanjo hiyo ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na faida yake ni kupunguza ugonjwa na vifo, pamoja na vyandarua na dawa. Mama aliyesikia kwamba chanjo "yatokomeza" malaria aweza kuona chandarua hakina kazi tena. Aliyesikia kwamba "yapunguza" atakifunga usiku.

Na kuhusu kuteketeza, tuna shauri kwa wafasiri wa maandishi ya dawa za mimea, ambazo wakulima wa kahawa na mboga huzitumia. Tukimwambia mkulima ateketeze chupa tupu, tumemwambia aichome, maana ndivyo neno linavyosema, na moshi wa chupa hiyo ni sumu. Tukimwambia aitupe, ataitupa, na mtoto ataiokota kuchotea maji. Wataalamu hushauri isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe katika bomba la kunyunyizia, itobolewe isifae kwa kazi nyingine, kisha irudishwe mahali zikusanywapo. Hakuna neno moja la Kiswahili la kufunika hayo yote, wala halihitajiki. Yaandikwe matendo yenyewe, moja baada ya jingine.

Limebaki jambo la pepo, ambalo wafasiri wa Maandiko walilikuta mapema. Watu wa pwani walikuwa na neno lao, kupunga, na kazi yake iliyojulikana, yenye ngoma, ubani na fundi. Neno lilikuwepo tayari, tena lilijulikana na kila mtu. Hata hivyo wafasiri wa Agano Jipya hawakulichukua. Waliandika kutoa pepo, na mahali pengine kufukuza. Wako walioona kwamba walifanya hivyo kwa kuichukia desturi. Twadhani sababu iliyo bora imo katika maana. Apungwaye aghalabu haondokewi na pepo wake. Pepo huulizwa jina, huulizwa atakacho, hupewa, hutulizwa; naye mgonjwa huitwa kiti chake, na mapatano yao huendelea, pengine miaka mingi, kwa karamu na kwa mavazi ya rangi aitakayo pepo. Hayo ni kufanya amani na mgeni asiyetaka kutoka. Atolewaye hutoka ndani kwenda nje, wala hapewi kiti.

Katika vijiji vya milimani na vya bondeni maneno yote mawili yangali yakisikika, na wazee huyatumia kila moja mahali pake. Mtu akikuambia kwamba dada yake "alipungwa," usimwulize kama amepona. Mwulize pepo alitaka nini.